Makofi ya Kumpigia Kinyozi

Jumatatu, 4 Mei

Kwako daftari. Hujambo? Natumaini u mzima, maana umekaa siku nyingi juu ya kabati na vumbi lako. Sisi hapa hatujambo, ila kidogo. Mume wangu hajambo, yuko kwenye karakana yake ya baiskeli, anakusalimu ingawa hajui kama upo. Mama mkwe hajambo, isipokuwa miguu inamsumbua, na masikio, na mimi. Binti yangu wa sekondari hajambo, yuko chumbani anasoma, au anasema anasoma. Kitinda mimba hajambo, ameng'oka jino na anamwonyesha kila apitaye. Kuku hawajambo wote. Kaka yangu mwenye lori hajambo huko aliko, na ningependa abaki huko huko. Sababu utaiona.

Mwanangu mkubwa nimemweka mwisho kwa makusudi. Yeye hajambo ya mdomoni tu.

Nesi wa zahanati ndiye aliyenituma kwako. Alinipima presha akatazama kile kipimo mara mbili. Akasema mama, acha kuyaweka moyoni, yaandike. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kilichonibaki ni kuandika barua. Basi nakuandikia barua. Vumilia.

Mambo ni haya. Mwanangu ni kipa wa timu ya mtaa wetu. Mwezi uliopita mpira ulimpita katikati ya miguu. Mpira mwepesi! Mtoto wa chekechea angeukalia tu. Tangu siku hiyo wanamwita Daraja, kwa kuwa kila kitu kinapita chini yake. Jina hilo nimelipiga marufuku nyumbani kwangu.

Jana ikawa hivi. Kila alipogusa mpira, uwanja mzima ulipiga makofi. Ameokota mpira uliotoka nje, makofi! Amefunga kamba ya kiatu, makofi! Nikasema moyoni, watu wamejirudi, wanamtia moyo mtoto. Nikasimama. Nikapunga mkono pande zote nne. Nikapiga kigelegele kimoja kirefu. Nikasema asanteni wanangu, Mungu awazidishie.

Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye nyasi.

Binti akanivuta gauni akanikalisha. Akaninong'oneza kwamba wale hawashangilii, wanamkejeli kaka. Hiyo inaitwa kinaya, wamefundishwa darasani. Ni kufanya kinyume cha unachokusudia ili unachokusudia kionekane zaidi. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia kwetu hiyo iliitwa unafiki na ilikuwa na kiboko chake. Akasema hapana mama, mnafiki anajificha, mwenye kinaya anataka umwone.

Nimewaona. Wote. Na aliyeanzisha nimemwona vizuri: kinyozi.

Mwanangu hakula jana wala leo. Kocha ameleta kipa mwingine, kijana mrefu anaitwa Mlingoti. Jumapili ijayo ni mechi ya mwisho, tukifungwa tunashuka, tukitoka sare tunabaki. Jumamosi kocha atamtaja wa kukaa golini. Na mwanangu ametangaza mezani, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba asipotajwa yeye anapanda lori la mjomba wake Jumatatu alfajiri, aende akafanye kazi ya bohari ya saruji. Mpira ndio basi. Nyumbani ndio basi.

Kaka yangu huyo nampenda lakini hapiki, hafui, na akikohoa inatoka saruji.

Glavu nimezikuta kwenye pipa la taka. Nimezitoa, nimezifua, nimezianika.

Jumanne, 5 Mei

Nimevaa gauni la bluu, lile la mambo mazito, nikavuka barabara. Kwa amani kabisa.

Ujue kwamba cherehani yangu iko barazani, na duka la kinyozi liko ng'ambo, mlango kwa mlango. Mapazia yake nimeshona mimi. Wanangu wote nywele zao za kwanza amewanyoa yeye. Mtu wa nyumbani! Lakini pia ni mwenyekiti wa mashabiki, na hapo ndipo akili inapomtoka.

Alikuwa na mteja kitini na wengine wawili kwenye mabenchi. Akasema karibu Mama Kipa, kuna jambo lolote? Nikasema makofi. Akacheka. Akasema ah, yale! Yale ni kinaya tu, Mama. Ushabiki bila kinaya ni chai bila majani. Kijana tunampenda. Nikamuuliza wanampendaje mtu mpaka anashindwa kula. Akasema kipa lazima awe na ngozi ngumu. Nikasema ngozi ya yule niliipokea ikiwa mbichi, ugumu wake naujua mimi. Mabenchi yakacheka, naye akacheka, na mimi nikacheka kidogo. Tulikuwa tunakwenda vizuri.

Kisha nikakosea. Nikauliza kwa upole, kama mwanafunzi, kwamba je, nikisema timu yao ni hodari sana, inashika mkia kuliko ng'ombe anavyoushika wake, hiyo nayo ni kinaya?

Mashine ikazimwa. Kinyozi akasema hiyo si kinaya, Mama, hayo ni matusi. Mteja mwenye povu shavuni akasema timu inaonewa na waamuzi. Wa benchi la kulia akasema uwanja una mteremko. Nikasema mteremko si mnabadilishana kipindi cha pili? Wakanitazama kana kwamba nimewatukania wazazi. Wa benchi la kushoto, ambaye hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya, akasema Daraja atatushusha daraja, na hilo ni la kweli. Wakashangilia. Kinyozi akasema hiyo sasa, Mama, ndiyo kinaya.

Kwa hiyo wao wakisema ni kinaya. Nikisema mimi ni matusi. Nimeelewa.

Nimevuka barabara bila kutazama. Pikipiki imenipigia honi ndefu.

Jioni nimemuuliza mume wangu kinaya ni nini. Akasema ni ugomvi uliovaa tai. Mama mkwe akadakia kwamba enzi zao kipa mbovu alirushiwa mawe, na kila mtu alijua anapendwa na nani. Mwanangu akainuka akaacha chai yake.

Begi lake amelishusha kutoka darini.

Jumatano, 6 Mei

Mpango! Umenijia nikiwa naweka uzi kwenye sindano. Ubaya wa makofi ya uongo ni kwamba yako peke yake. Yakiwepo makofi ya kweli, mengi, ya uongo yatazama.

Nikamwita Mama Mapacha, kiongozi wa kwaya yetu, akaja na kina mama wenzake. Tumefanya mazoezi sebuleni. Mama Mapacha ana kipaji. Anasema kofi la kweli linaanzia kifuani na la uongo linaanzia kwenye kifundo cha mkono. Tumepiga ya kifuani mpaka mama mkwe akatoka kuuliza nani ameolewa.

Jioni tukaenda mazoezini kwa timu. Tukapanga mstari. Mwanangu akadaka mpira wa kwanza. Tukapiga! Kutoka kifuani! Akaudondosha. Akauokota, tukapiga tena. Ule wa pili aligeuka kutuangalia, ukampita begani.

Sasa sikiliza balaa. Mashabiki waliokuwa wamekaa ukutani walidhani tumekuja kuwaunga mkono. Kinyozi akasimama akatupigia sisi makofi. Akasema kina mama hawa ndio wanaijua kinaya, jifunzeni vijana! Mama Mapacha, badala ya kukasirika, akamwinamia kwa heshima. Nikapiga kelele kwamba ya kwetu ni ya kweli. Wakacheka zaidi. Wakasema hiyo ndiyo kali kuliko zote, kusema ni ya kweli huku uso umeukaza vile!

Uso wangu haukuwa umekazwa. Ndio uso wangu.

Kocha akaja akatuomba tutoke uwanjani. Ni mtu mpole, mwenye nywele nyingi za msituni. Na nilipokuwa natoka nikamsikia mchezaji mmoja akimuuliza mwanangu kama yule mwenye gauni la bluu si mama yake. Mwanangu akajibu kwamba hamjui, labda wamefanana.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alipofika nyumbani amesimama mlangoni. Akasema, mama, nakuomba. Basi. Hakumalizia anachoomba. Sasa mimi nitajuaje?

Jumatatu alfajiri haiko mbali, na begi tayari lina mashati.

Alhamisi, 7 Mei

Dawa ya moto ni moto.

Leo nimefungua cherehani mapema. Kinyozi akafungua mlango wake. Nikapiga makofi. Akageuka, akanipungia, akadhani namsalimia. Akafagia mlangoni. Makofi! Akapangusa kioo. Makofi! Akatafuta kitana, akakipata. Kigelegele!

Alipowasha mashine kichwani kwa mteja wa kwanza nikasimama kabisa, maana jambo lile lilistahili. Alipomaliza upande mmoja bila kumwumiza mtu, nikamwambia Mungu akutunze, fundi, hata sikio umeliacha mahali pake!

Mwanzoni wateja walicheka. Watoto wa shule wakasimama, wakaanza kupiga na wao. Kufika adhuhuri, kila mashine ikilia, mtaa unashangilia. Kijana mmoja alitoka na mstari wa nywele uliopinda kama njia ya kisimani. Mwingine alifika mlangoni, akasikia makofi, akakumbuka ana safari.

Hapo kinyozi akavuka barabara. Bila gauni la bluu, lakini niliona ni mambo mazito. Akasema Mama Kipa, ile ni kazi yangu. Mkono ukitetemeka mteja hanikalii. Nikasema kwani tatizo nini jirani, ni kinaya tu, tunakupenda. Akasema hiyo si kinaya, ni matusi. Nikasema lazima kinyozi awe na ngozi ngumu. Akasema kinaya ina mahali pake, na mahali pake ni uwanjani, ambako mtu amekubali kuchezewa. Nikamuuliza mwanangu alikubali lini, na nani aliandika. Akarudi dukani kwake.

Mkuki kwa nguruwe! Nimefurahi mpaka nimeshona mikono miwili ya shati upande mmoja.

Lakini baadaye nilimchungulia. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai. Nikajisikia vibaya. Kidogo. Mke wake amejifungua juzi, na kile kishati cha mtoto nilikishona mimi.

Kesho nitapiga polepole.

Ijumaa, 8 Mei

Ee Mungu wangu.

Nesi aseme atakalo, leo kuandika hakusaidii.

Asubuhi nilijizuia. Nilipiga mara chache tu, kwa heshima. Mchana akaingia mteja, akakaa akinipa kisogo, akafunikwa shuka jeupe mpaka shingoni. Kichwa kina nywele nyingi. Sikumtambua. Kichwa kikiwa peke yake juu ya shuka, ni nani atakitambua?

Kinyozi alikwenda taratibu. Alikuwa ananitazama kwa kioo. Mimi nimejikausha, nashona. Akazidi kunitazama. Nashona. Nikaona anaanza kulegea mabega, anaamini, anachukua wembe kwa ajili ya kumalizia nyuma ya sikio. Nikaona kimya hiki kimezidi. Nikapiga kofi moja. Moja tu! Ila lilitoka kifuani.

Kinyozi aliruka. Mteja akapiga ukelele. Shuka likawa jekundu begani, na mteja akageuka kuona ni nani amepiga.

Kocha.

Tulitazamana kutoka ng'ambo ya barabara, yeye ameshika sikio, mimi nimeshika sketi ya mtu. Kocha hunyolewa mara moja kwa msimu, kabla ya mechi ya mwisho. Kila mtu anajua. Na mimi nilikuwa najua!

Nimemkimbiza mwenyewe zahanati. Kinyozi alikuja nyuma na wembe bado mkononi, anaapa kwa watoto wake kwamba ni makofi, ni makofi. Nesi aliniona, akafumba macho, akayafumbua. Jeraha si kubwa, lakini sikio lina damu nyingi sijui ya nini. Akamfunga bandeji inayozunguka kichwa chote, kocha akabaki na sikio moja.

Nyumbani habari ilifika kabla yangu. Mume wangu alikuwa amekaa na kofia mkononi kama mtu aliyefiwa. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba kati ya vichwa vyote vya mtaa huu, nilikosa kingine?

Mwanangu anakunja suruali.

Jumamosi, 9 Mei

Ametajwa Mlingoti.

Nimechukua sindano kubwa na uzi wa nailoni, nikaenda uwanjani. Wavu wa goli ulikuwa na matundu mawili na mimi ndiye huushona kila msimu. Nilitaka kuomba msamaha lakini mdomo umeniponza sana wiki hii, nikaona mikono iseme.

Kocha alikuja akasimama. Upande wa bandeji hasikii, kwa hiyo nilimwomba radhi mara mbili, mara ya kwanza upande mbaya. Akasema sikio si kitu, litapona. Hakumwacha mwanangu kwa sababu ya sikio. Amemwacha kwa sababu makofi yakianza, mabega ya kijana yanashuka kama shati lililotoka kwenye henga. Akasema kipa anayesikiliza makofi hawezi kuusikiliza mpira.

Nikamuuliza kama makofi yakikoma atamrudisha. Akasema yule kinyozi hata yeye kocha ameshindwa kumnyamazisha, kwa uenyekiti wake wa mashabiki anadai hiyo ni haki yao, na ukiwaambia wameumiza mtu wanasema wao ndio wameumizwa, kwa kuwa timu inafungwa. Nikaona huyu mtu ana akili, pole yake.

Nimeshona matundu yote. Nimeuvuta wavu, umekaza.

Jioni mume wangu amesema niende kesho kama napenda, lakini mdomo nifunge. Nimekubali. Na ili nisijibu, nitaweka pamba masikioni. Asiyesikia hajibu.

Kaka yangu ametuma salamu kwamba lori liko tayari, atapita alfajiri ya Jumatatu. Mwanangu amenipa glavu nizihifadhi. Nimezirudisha kwenye begi lake la uwanjani, chini ya taulo.

Jumapili, 10 Mei

Naandika kabla sijasahau, ingawa sidhani kama nitasahau.

Nilikaa na binti, pamba masikioni, midomo nimeibana. Mwanangu yuko kwenye benchi la akiba, anatazama viatu vyake. Mlingoti golini. Mrefu kweli, lakini urefu wenyewe uko juu na mipira inakuja chini. La kwanza likaingia. La pili likaingia. Tumefungwa mbili, na hata mapumziko hayajafika.

Na hata kwa pamba, nikayasikia. Makofi. Sasa wanampigia Mlingoti! Ameokota mpira, makofi. Amepangusa jasho, makofi. Nikaona mabega yake yanashuka, yale yale, kama niliyazaa mimi.

Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mama mmoja amekaa peke yake, mkoba mapajani, mkono mdomoni. Mimi simjui. Lakini nilimjua. Wenye kushangilia walimzunguka pande zote na hakuna hata mmoja aliyemwona.

Hapo pamba ikanitoka. Sema niliitoa. Nikasimama juu ya kiti. Sikuwa na mpango, naapa, ni mara ya kwanza wiki hii sina mpango! Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, Daraja! Tunamtaka Daraja!

Jina nililolipiga marufuku. Binti akajifunika uso na daftari la jografia.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mama mwenyewe anamwita Daraja! Kinyozi akalidaka juu kwa juu, maana kwa shabiki raha haiachwi ipite. Daraja! Daraja! Hata Daraja ni afadhali! Wakaimba wote, wanapiga miguu, wanashikana mabega kwa kicheko. Yule wa benchi la kushoto la kinyozi alikuwa anafuta machozi. Ilikuwa kejeli tupu, daftari, kejeli ya kujaza debe. Mwanangu alisikia na kuinamia magoti yake.

Lakini kocha alikuwa amesimama akiwapa mashabiki upande wa bandeji. Kicheko hakikupenya. Jina ndilo lililopenya. Alichosikia yeye ni umati wa watu wanamwita kipa wao, kwa moyo mmoja, wakipiga miguu chini. Nilimwona anageuka kutazama, anastaajabu, anatikisa kichwa chake chenye bandeji kama mtu aliyeguswa. Akamwinua mwanangu kwa kwapa. Akampungia Mlingoti atoke, akamsukuma mwanangu kuelekea uwanjani.

Mashabiki wakageukiana. Kinyozi akasema kwa sauti, jamani, si tulikuwa tunatania?

Mwanangu akafungua begi lake kutafuta chochote cha kuvaa mkononi. Akazikuta glavu. Akatazama jukwaani. Nikatazama mawingu.

Kipindi cha pili sikukaa. Tukafunga moja. Tukafunga la pili, au walijifunga wao, sikuuliza. Sare! Sare inatubakisha! Kila mwanangu aliposhika mpira, makofi machache yakaanza, yakafa, kwa kuwa sasa hakuna aliyetaka kuanzisha. Kinyozi alikuwa amefika karibu yangu bila kujua, anang'ata kucha. Zake, si zangu, ingawa sina hakika.

Mwishoni kabisa, mshambuliaji wao akabaki peke yake na mwanangu. Akapiga chini. Katikati ya miguu! Ule ule! Nikaona ule mpira unavyokwenda nikasema kwaheri mwanangu, karibu saruji.

Akaukalia.

Hakudaka, hakupiga, hakuruka. Alikaa juu ya mpira kama kuku juu ya yai, uso umeduwaa, mikono pembeni.

Kisha makofi.

Sasa makofi gani? Hapo ndipo nilipotaka kufa. Nilitega masikio. Kifuani au kifundoni? Mlio ni mmoja! Nikamshika kinyozi kola. Nikamwambia niambie kweli jirani, haya ni ya kinaya au ni ya kweli? Viganja vyake vilikuwa vyekundu, machozi yanamtoka hadi kidevuni. Akasema Mama, wallahi, hata mimi sijui tena.

Na mwanangu akainuka, mpira kwapani. Mabega yalikuwa juu. Akatutazama. Kisha akapunga mkono pande zote nne, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu ninayemfahamu. Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Filimbi ikalia. Tumebaki.

Nilimtafuta yule mama wa Mlingoti ng'ambo. Kiti kilikuwa kitupu.

Jumatatu, 11 Mei

Lori lilipiga honi alfajiri. Nikasikia mlango wa chumba chake. Nikasikia begi linaburutwa sakafuni. Nikakaa kitandani nimeshika mkono wa mume wangu mpaka akasema namvunja. Nje wakazungumza. Nikasikia mlango wa lori unafungwa, injini inaondoka. Nikamwambia mume wangu, basi. Amekwenda.

Nikatoka barazani. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye cherehani yangu, begi miguuni, anakula mkate. Amemwambia mjomba wake labda msimu ujao. Begi alilibeba nje ili kumrudishia mjomba koti lake lililokuwa ndani.

Nimelia kidogo. Nimemkaangia mayai. Amekula yote, na ya kitinda mimba.

Baada ya kula akasema, mama, nakuomba. Safari hii akamalizia. Anaomba nisije tena uwanjani. Na nisimpigie mtu yeyote makofi, popote, hata akistahili. Akasema ananipenda, lakini moyo wake hauwezi kucheza dhidi ya timu mbili. Nikaona macho yake ni ya upole. Nikamwambia sawa mwanangu. Sitakanyaga tena. Umenifunza.

Mchana akaja kinyozi. Amevaa shati safi. Akasema kamati ya mashabiki imekaa, imenichagua kuwa mlezi wao, kwa kuwa hakuna aliyeipigania timu kama mimi. Akasema Mama, wewe ndiye shabiki namba moja wa mtaa huu. Akaniinamia akavuka barabara.

Nimelitafakari neno hilo tangu mchana. Shabiki namba moja. Mimi, niliyekata sikio la kocha! Na kule kuinama, mbona kulikuwa kwa chini mno? Binti asema ni kweli, mama, anakuheshimu. Mama mkwe asema anakucheka waziwazi. Mume wangu amezima taa ya sebule nikiwa bado nauliza.

Basi kesho nafungua cherehani mapema. Akiwasha mashine nitapiga makofi mawili, ya uchunguzi tu. Akikasirika, alikuwa ananikejeli. Akifurahi, ananikejeli zaidi.

Halafu kuna yule mama wa Mlingoti. Nimeulizia anapokaa, ni karibu na mfereji. Nitamwendea na gauni la bluu. Nitamfundisha makofi ya kifuani, na msimu ujao tutakaa pamoja, tuna mpango mzuri sana ambao bado hajaambiwa.

Ndiyo, nimemwahidi mwanangu kwamba sitakanyaga uwanjani. Nilisema sawa mwanangu, kwa uso ule ule uliokaza. Hiyo ndiyo kinaya. Mwishowe nimeielewa.

Wasalimie wote hapo kabatini. Na nijibu upesi, daftari, kabla msimu haujaanza: nikijifunika mtandio mpaka puani na kukaa nyuma ya goli, atanitambua?